Sarafu Yako Iko Mkononi mwa Struan

Senga, kaa kwanza. Ile sarafu ya fedha ya babu yako, uliyonipa niing'arishe uiweke kiatuni kwa bahati Jumamosi ukiolewa, ni salama. Ila si yako tena.

Usinipigie. Acha nieleze kwa utaratibu.

Nilipita kwa Isla kumwona mtoto wake mchanga, Struan. Nikaanza habari za ile kamusi kuukuu unayoicheka. Nikawaambia kuna neno la kale, hanseli: zawadi ya kwanza ya kumtakia mtu heri. Mtoto hutiwa fedha halisi kiganjani.

Nikaitoa mfukoni niwaonyeshe mfano. Mfano tu, Senga! Struan akafumba ngumi.

Mama mkwe wa Isla, Bi Rennie, akapiga makofi. "Ameishika! Huyu atakuwa mkono wa birika kama babu yake!"

Nikasema polepole, "Mama, hiyo ni ya watu."

"Mwanangu, hanseli hairudishwi. Ukiichukua, umemchukulia na bahati yake. Au kamusi yako haijafika ukurasa huo?"

Imefika. Nimeifungua sasa hivi. Ndivyo inavyosema.

Nilijaribu kumkunjua kidole kimoja tu, akalia hadi jirani akachungulia dirishani. Nikaacha.

Mwishowe Bi Rennie akatoa hukumu: kurudisha haiwezekani, lakini mwenye mali anaweza kukuazimisha.

Kwa hiyo ongeza kiti kimoja Jumamosi. Struan anakuja na sarafu yake.

Na dansi ikiisha, vua kiatu haraka. Bi Rennie atakuwa amesimama hapo hapo, mkono wazi.