Ua la Kichomi Bustanini kwa Kamla

Small Heath,
Birmingham.
23 Julai 2006

Mpendwa dada Asmahan,

Assalamu alaikum. Hujambo, na magoti yanaendeleaje? Karafuu zimeanza kuchumwa huko Wete? Sisi leo tu wazima, na neno "leo" naliandika kwa shukurani, maana mwezi uliopita nisingeliweza.

Shemeji yako Azizi alishikwa na kichomi. Alikuwa akivuta pumzi nusu, mkono ubavuni, uso umesawijika. Vidonge vya hospitali alivichoka, akaviacha.

Jirani yetu Kamla, mjane aliyezaliwa Kampala, ana kichaka cha maua ya rangi ya chungwa nyuma ya nyumba yake. Rangi yake kali, hata ukifumba macho unaendelea kuyaona. Mbegu zilitoka Amerika; marehemu mumewe, Kishore, aliziotesha mwaka wake wa mwisho. Kamla alitusimulia kuwa wenyeji wa huko, tangu zamani, humchemshia mtu wa kichomi mzizi wa ua hili, na huutwanga wakaubandika kidondani. Lakini ukizidi, alisema, unatapisha.

Azizi hakusikia la kutapisha. Ikawa kutwa mzizi, mzizi. Niliona haya, lakini tulikwenda kuuomba.

 Kamla alichukua kijembe, akapiga magoti. "Mzizi iko moja tu," alisema. "Nikichimba, basi."

Joto lilikuwa zito, vipepeo wametulia juu ya maua kama waliolala. Nilijiona niko ndotoni.

Azizi ndiye aliyemshika mkono. "Wacha, dada. Hili ua la mumeo. Mie n'takwenda hospitali."

Wakalia wote wawili, nami nikatazama ukuta.

Alikwenda siku ile ile, wakambadilishia dawa. Sasa Kamla humtolea kiti kila alasiri, naye hukaa karibu na yale maua mpaka usingizi ukamchukua, kifua kikipanda na kushuka taratibu. Mimi hukaa chini nikakisikiliza, nisijue saa zinakwenda wapi.

Jana alizinduka, akaniuliza, "Leo tunakula nini?" Dada, tangu augue hajapata kuuliza. Nilinyanyuka saa ile ile, nikaenda kwetu kuteleka wali.

Nisalimie mama, Maisara na wanawe, na Bi Kijakazi. Mola awafunike kwa rehema zake, na atujaalie kuonana.

Mdogo wako akupendaye,
Mwanamize