Njaa ya Baada ya Kula

Mama yangu mzazi,

Shikamoo. Natumai barua hii itakukuta mzima, na jicho ulilofanyiwa upasuaji limepoa na linaona vizuri, maana nataka uisome mwenyewe, usimpe mtu akusomee. Sisi huku miili ni mizima. Baba watoto yuko gereji kwake kama kawaida, mwanangu mdogo, yule mjukuu wako wa kiume, ameng'oka jino la mbele na anapiga miluzi kutwa nzima, na mimi bado niko kiwandani kwenye cherehani yangu nashona mashati ya shule. Ila moyoni si wazima, na sitaki kukupamba kwa uongo. Nimeona nikuandikie kwa sababu kwenye simu huwa unanikata maneno katikati, halafu naishia kukuomba radhi kwa kosa ambalo hata silijui. Leo utanisikiliza mpaka mwisho.

Ujumbe wako nimeupata. Baba watoto ameniambia kwamba ulimpigia akiwa kazini, ukamwambia shule zikifunguliwa binti yetu aje akae kwako, asome huko, umnyooshe. Ulimwambia mimi sina mkono, nalea mtoto kama mgeni, na usipomchukua sasa atakuja kuwa mwanamke asiyeweza kukaa mbele za watu bila kutafuna. Naye akakubali hapo hapo. Mama, hukunipigia mimi niliyemzaa. Ulimpigia mkweo, mtu ambaye hata salamu yako anaipokea amesimama wima, kwa sababu ulijua hana ubavu wa kukubishia. Basi mimi nakubishia. Mtoto haji.

Usianze kukunja uso. Soma kwanza.

Ulipokuja kwetu kupumzisha jicho nilifurahi, tena kweli. Nilikupa chumba cha watoto, wao wakahamia sebuleni na mto wao mmoja. Siku ya kwanza tu mezani ukazifufua sheria zako: kila mtu anapakuliwa mara moja, akimaliza anasema kwa sauti kwamba ameshiba na anashukuru, na sahani inaoshwa papo hapo. Ukishayasema maneno hayo, ukiomba tena wewe ni mwongo. Mimi nimekulia chini ya sheria hizo. Nimesema nimeshiba utoto wangu wote huku tumbo linanguruma, na liliponguruma wewe ulicheka ukawaambia wageni kwamba huyu ni Shimo, hata utupe gunia zima humo husikii kishindo. Wageni wakacheka. Na mimi nikacheka, ningefanya nini?

Binti yangu ukambatiza Shimo Dogo. Ulimwita hivyo mbele ya mdogo wake, ambaye anaonja onja, anaacha nusu ya yai, anakimbilia mpira. Huyo ukamsifu kwamba ana kiasi. Loo, mama! Mtoto wa miaka sita ana kiasi gani? Hana njaa, basi. Hawa wametoka tumbo moja, wanakula chungu kimoja, lakini mmoja akila asubuhi chakula anakisahau mpaka umfuate uwanjani, na mwingine hata unyevu wa sahani haujakauka ameanza kuzungukazunguka jikoni. Ukaamua kumtibu kwa chai ya sukari na mkate mweupe mtupu kila asubuhi, ati azoee kidogo. Nilikuona na nikanyamaza, kwa sababu ni wewe.

Halafu likaja la sahani ya Baba watoto. Unakumbuka nilivyopanga: napika alfajiri kabla sijaenda kazini, watoto wakirudi mchana unawapakulia, na chakula chake yeye kinafunikwa hadi arudi alasiri. Siku moja akafunua akakuta viazi na mchuzi tu. Nyama haipo, na mchuzi umesawazishwa vizuri kwa mgongo wa kijiko kama vile hapakuwahi kuwa na kitu. Kesho yake tena. Yeye si mtu wa maneno, aliuliza tu kwa upole. Wewe ndiye uliyejibu. Ulisema mnauliza nini wakati jibu limekaa hapo na mashavu yake.

Mtoto alilia, akaapa hakugusa. Ukasema machozi ya mlafi yako karibu. Ulimsimamisha katikati ya sebule, mdogo wake anatazama, ukasema hatoki hapo mpaka amwombe baba yake radhi. Alisimama muda mrefu, mama. Mwishowe akaomba radhi, na baba yake akaipokea. Kesho yake ukataka kabati la jikoni lifungwe kwa kufuli, na Baba watoto, kwa kukuheshimu, akaleta lile kufuli kubwa la sanduku la spana. Ufunguo ukaufunga kwenye pindo la nguo yako. Tangu hapo sahani ikawa inakutwa nzima, na wewe ukatuuliza sote kama tumeona sasa dawa ya mtoto. Tuliona. Na mimi nikasema ndiyo, tumeona.

Kuanzia hapo binti akawa anasema ameshiba kabla hajafika nusu ya sahani. Wewe ukaita hayo maendeleo. Wiki ile ile akaanguka kwenye mbio za shuleni, akaletwa na mwalimu amelegea kama kitambaa kilicholowa, na mimi nikaitwa kutoka kiwandani nikiwa bado na sindano zimechomekwa kifuani.

Hospitali tulimkuta daktari mwanamke, mpole, asiye na haraka. Badala ya kuniuliza mimi alimuuliza mtoto anajisikiaje akishakula. Mtoto akamwambia kwamba akiweka kijiko chini anakuwa ameshiba kabisa, lakini baada ya muda si mrefu anakuwa kama hajala, mikono inamtetemeka, hasira zinamjia bure, na darasani hasikii mwalimu anasema nini, anawaza chakula tu, kwa hiyo anaomba ruhusa kwenda kunywa maji ya bombani. Akasema anajua ni tabia mbaya na anajitahidi kuiacha. Mama, mimi nilikaa pale nikasikia maisha yangu yanasimuliwa na mtoto wa miaka kumi. Nililia mbele ya daktari bila haya.

Daktari alinieleza taratibu. Alisema mtu akila, sukari kwenye damu hupanda kisha hushuka. Kwa wengine inashuka polepole na kutulia. Kwa wengine inaporomoka chini kuliko ilivyokuwa kabla hawajala, na hapo mwili unadai chakula upya hata kama tumbo lina kitu. Akasema pia kwamba tumbo hupeleka habari kichwani kuwa chakula kimefika, kinatosha, na habari hiyo kwa mmoja inafika kwa kelele na kwa mwingine kwa kunong'ona. Sehemu ya mambo hayo mtu anazaliwa nayo, anayarithi kama anavyorithi pua. Si yote, usingizi una mkono wake, na aina ya chakula, na watu wawili wanaweza kula kitu kile kile na miili ikakipokea tofauti. Lakini adabu, alisema, haimo kabisa kwenye hesabu hiyo. Na ile chai ya sukari na mkate mtupu, alisema kwa mtoto wa namna hii ni kuiita njaa irudi mbio. Apewe yai, apewe maharage, apewe kitu kidogo katikati ya asubuhi, na asichekwe.

Nikamfikiria mwenzangu wa cherehani ya jirani, yule tunayemwita Uzi kwa wembamba wake. Tunakula pamoja saa ile ile, chakula kile kile, na jioni ukimuuliza alikula nini mchana hakumbuki. Kiwandani wanamsifu kwa kujizuia. Yeye mwenyewe anacheka, anasema hajawahi kujizuia siku hata moja, hakuna cha kuzuia.

Nilirudi nikakueleza yote haya, umekaa kitandani na kitambaa chako jichoni ukikigusagusa. Ulicheka. Ulisema madaktari wa siku hizi kila ulafi wanautafutia jina. Nikakuambia daktari aliuliza katika familia nani mwingine yuko hivi. Ukajibu upesi, kama ulivyojibu miaka yote, kwamba hayo ni ya ukoo wa marehemu baba yangu, watu wa kula huku wameuziba mlango kwa mgongo ili wasigawane na mtu, na wewe umehangaika nao tangu siku ya harusi. Na ufunguo hukuutoa.

Lakini nilianza kuwaza, mama. Shangazi zangu nawajua. Ni watu wa kuacha chakula kwenye sahani, wa kugawa, wa kusema wamekwisha tosheka wakati wengine ndio kwanza tunanawa. Na baba mwenyewe ulikuwa unamtuma mtu akamwite ale, maana akishika kazi yake ya useremala anasahau kama kuna kitu kinaitwa mchana. Sasa hao walafi ni akina nani? Nilitafuta ndugu hata mmoja upande ule nikamkosa.

Sasa nakuambia lile ambalo sikumwambia mtu mpaka jana.

Siku chache kabla hujaondoka, umeme ulikatika kiwandani tukaruhusiwa kurudi mapema. Nilipita njia ya nyuma ili nianue nguo. Dirisha la jikoni lilikuwa wazi. Wewe na watoto mlikuwa mmeshakula, sahani zimeshaoshwa, nilizikuta zimeinamishwa kwenye kichanja cha vyombo. Kabati lilikuwa wazi, kufuli linaning'inia. Ulikuwa umesimama, umeshika mfuniko wa sufuria chini ya kidevu ili mchuzi usidondoke, unakula nyama ya sufuriani kwa vidole, maana sahani ya Baba watoto hukuihitaji tena ufunguo ukiwa wako. Ulikuwa unakula haraka, mama, umefumba jicho lile zima, na mkono ulikuwa unatetemeka vile vile unavyonitetemeka mimi. Halafu ukachukua kijiko, ukausawazisha mchuzi. Ukafunga. Ukaufunga na ufunguo pindoni. Binti alipoingia kutoka sebuleni kuomba hata ndizi, nilikusikia kwa masikio yangu ukimwambia asubiri kama watu wengine wanavyosubiri.

Nilirudi nyuma mpaka getini nikaja tena kwa kelele, nikikohoa, kama mgeni kwenye nyumba yangu. Usiniulize kwa nini sikuingia. Ni aibu kumkuta mzazi hivyo. Na kwanza nilikuonea huruma, nitasema ukweli. Niliwaza, kumbe ni yeye. Kumbe miaka yote ile ya kusema umeshiba na unashukuru, ulikuwa unalala na njaa kama mimi, na hukuwa na wa kumwambia. Ungenikalisha chini ukaniambia mwanangu, hili ni letu mimi na wewe, ningekupenda mpaka kesho.

Huruma hiyo haikukaa. Kwa sababu ulijua. Hilo ndilo linaloniua, mama. Uzi angemcheka mwanangu ningemsamehe, hajawahi kuiona njaa hiyo hata kwa mbali. Wewe unaijua inavyouma, unajua inavyotetemesha mkono, na ukaichukua ukaibandika kwa mtoto, ukamsimamisha sebuleni aiombee radhi. Uliniachia mimi uliponizaa, nikamwachia yeye, na sote wawili ukatuita mashimo. Sina namna ya kulisema hilo kwa adabu.

Jana nilimweleza Baba watoto yote. Aliinuka, akalirudisha kufuli kwenye sanduku la spana. Kisha akamwita binti yake akamwomba radhi, baba mtu mzima, mbele ya mdogo wake, pale pale aliposimamishwa. Mtoto akauliza kama si yeye, basi alikuwa nani. Hatukumjibu. Tuliona si haki yetu kukusemea. Lakini ana akili, na nyumbani tulikuwa watu watano tu.

Kwa hiyo habari ya kumleta kwako ifute. Wewe ukitaka kuja, njoo. Mimi sijakufukuza na sitakufukuza. Utakaa mezani na yeye. Ukisikia njaa tena utasema mbele yake kwamba unasikia njaa, utaongeza mbele yake, na utamwambia kwa mdomo wako aliyekula nyama ya baba yake. Kama hilo ni zito kwako, baki huko, tutatumiana salamu kwa simu mpaka mmoja wetu achoke. Nimevumilia vya kutosha, na safari hii sitakuomba radhi.

Baba watoto anakusalimu. Mjukuu wako wa kiume anakusalimu, anasema utakapokuja atakuonyesha pengo. Dada yake nilimuuliza kama ana salamu za bibi. Alifikiri kwanza, halafu akasema nikuulize kama na wewe, ukishakula, njaa huwa inarudi upesi. Sikumfundisha mimi swali hilo, na hakuliuliza kwa ubaya. Mjibu yeye.

Ni mimi,
Mwanao uliyemzaa wa kwanza.