Jina Linaloishia kwa O

River Road, Nairobi

Mama yangu mpendwa,

Pokea salamu zangu. Je, goti limepoa au bado linakunyima usingizi? Mwalimu unayemsomea, tafadhali mngoje akae kwanza. Mama, mimi mwanao niko hai. Sikufa.

Jumamosi nilikutana Dagoretti Corner na yule seremala wa kwetu aliyekutengenezea kitanda. Aliponiona, randa ilimponyoka. "Makokha! Si tulikulilia wewe?" Ndiye aliyenieleza kwamba kaka alikuja kunitafuta huku, akarudi akasema sipo. Nyakati hizi za hali ya hatari, asiyeonekana huhesabiwa maiti. Tena mtoto wa kaka akazaliwa, akalia siku mbili, mkamtajia majina ya marehemu wote, na mlipotaja langu akanyamaza, ndipo mkampa liwe lake.

Kosa ni langu. Hapa ninapopiga chapa, fundi mmoja Mhindi hutufundisha Kiesperanto saa ya chakula. Ni lugha aliyoitunga mtu mmoja ili walimwengu wote wasikilizane. Alituambia kila mmoja ajichagulie jina, na humo kila jina la kitu huishia kwa o. Nami kwa kupenda makuu nikajiita Frato, yaani ndugu. Basi nikavimba kichwa! Aliyeniita Makokha sikumwitikia. Vijana walioajiriwa baadaye hawakuwahi hata kulisikia. Mwacha asili ni mtumwa, ulizoea kuniambia, nami nikicheka.

Siku moja nilikuwa chumba cha nyuma nikipanga herufi. Nilisikia mtu akimwulizia Makokha mlangoni, ila kwa kelele za mashine sauti yake sikuitambua. Kijana akajibu, "Hapa hakuna Makokha, bwana. Iko Frato peke yake." Nilidhani ni wenzangu wananitania, nikaendelea na herufi zangu kwa kiburi. Alikuwa kaka, Mama. Nilijiita ndugu, na ndugu yangu nikamwacha aende zake. Naona aibu hata kuandika.

Nisalimie shangazi aliyenilea, na mke wa kaka, umwombe radhi. Kaka mwambie nitampigia magoti.

Mtoto msimnyang'anye jina. Amelililia, nami nililitupa. Nimeomba ruhusa, nitafika mwisho wa mwezi. Najua mtu aliyekwisha kuliliwa haingii tu nyumbani, kwa hiyo nitasimama nje ya boma mpaka uniite. Kwa jina gani, Mama, hilo sijui.

Ni mimi, mwanao wa pili