Neno Ambalo Fundi Karama Hajalisema

Jumamosi, 4 Oktoba

Mvua imekatika asubuhi. Tumshukuru Mungu — na tumwombe asiirudishe. Nimeshuka stoo kutazama madebe ya tende, nikaegemea ukuta wa upande wa bafu jipya. Mkono ukazama! Nilidhani nitakuta tope. Nimekuta unga. Chumvi nyeupe juu, unga ndani, na mabua yaliyochanganywa na udongo yameoza, meusi. Nimelibinya tofali kwa vidole viwili tu, likaisha.

Nimefunga mlango wa stoo. Nimepanda hadi kwa Mama nikamwambia madebe ni salama. Ni kweli, madebe ni salama.

Jumapili, 5 Oktoba

Nimemwambia kaka yangu Yeslam. Yeye na mkewe Nur na binti yao Shifaa wanakaa ghorofa ya kwanza na ya pili. Mimi na Mama ya tatu. Juu kabisa chumba kikubwa cha wageni. Bafu la vigae aliliweka yeye huyuhuyu mwaka jana, na bomba akalipitisha ndani ya ukuta wa udongo. Nilisema wakati ule kwamba litavuja. Nani humsikiliza mwanamke aliyeachwa?

Amecheka. Ukuta umechoka tu, dada. Hata wewe umechoka, mbona hatujakubomoa?

Nikacheka na mimi, huyu kaka ni shetani mkubwa. Halafu akabadilika uso. Harusi ya Shifaa ni Alhamisi ya wiki ijayo, nisimtie mtu kiwewe.

Jumatatu, 6 Oktoba

Nimemwita Fundi Karama, mjenzi wa nyumba za udongo, bila kumuuliza mtu. Ana kiburi cha mafundi wote wa bonde hili, na ananuka ugoro. Amelalamikia goti lake tangu mlangoni hadi stoo. Pale ukutani akalisahau goti. Akachomoa kipande, akakisugua karibu na sikio, akasikiliza. Kisha akakirudisha taratibu palepale kilipotoka, kama anayemfunika mgonjwa. 

Akauliza: warithi wangapi? Watatu, Fundi, tangu Baba afariki. Mama, Yeslam na mimi. Wako wapi? Mama yuko juu, Yeslam kaenda Seyuni kununua mchele wa harusi. Basi siku mkisimama watatu mbele yangu, niite, nitalisema neno lenyewe.

Nikamwambia sema kwangu, nitawafikishia. Alinitazama kana kwamba nimemwambia avue nguo. Zamani, akasema, kijiji cha juu huko, alilisema kwa ndugu waliokaa ghorofa ya chini peke yao. Wa chini wakatoka. Wa juu hawakulisikia kwake, wakabaki. Nyumba ikawaangukia, akasema. Akaomba chai, akanywa vikombe viwili nje, kibarazani.

Jumanne, 7 Oktoba

Neno lenyewe wala si baya. Tifutifu. Mkulima akikwambia shamba lake ni tifutifu, anajisifu — mbegu itaota tu. Biskuti za samli zikiwa tifutifu, mpishi anaombewa dua. Jibini kavu, sawa. Hata mifupa ya Mama! Daktari wa Mukalla alisema bila haya kwamba mifupa yake imekuwa tifutifu, Mama akaitikia Alhamdulillahi.

Ila nyumba — hapana. Kwa nyumba tunasema ukuta umechoka. Ukuta una homa. Ukuta unataka kulala. Tutazunguka mtaa mzima. Maana fundi akishika bonge mkononi, warithi wote mbele yake, akasema hii ni tifutifu, basi imekwisha. Saa ileile mlango wa mbele unang'olewa na hakuna wa kulala humo tena. Wala bibi harusi wa kutoka humo. Atokee wapi, nyumba haina mlango? Ndiyo maana Yeslam anakwepa. Mchumba wa kwanza wa Shifaa alirudisha pete. Huyu wa pili watu wake ni wa Tarim, hawana subira.

Na fundi asiposema? Basi ni nyumba. Watu wanakula, wanalala, wanazaa.

Leo nimelisema peke yangu jikoni, kwa sauti. Hakikutokea kitu. Mimi si fundi. Nikaendelea kuchambua mchele.

Alhamisi, 9 Oktoba

Nimejaribu ujanja. Mama nimemteremsha hadi kibarazani, nikamwambia ni kwa ajili ya jua. Fundi Karama kasimama mbele yetu na bonge mkononi. Yeslam nimempigia simu ya picha. Alipoiona tu sura ya Fundi — kata! Napiga tena, hapatikani.

Fundi amenuna. Simu si mtu, akasema, hata angepokea nisingesema.

Mama alimuuliza Fundi habari za goti, na za wajukuu, na bei ya mbuzi. Hakumuuliza bonge lile la nini. Lilikuwa mbele ya macho yake, linamwagika unga kwenye kandambili za Fundi.

Jumamosi, 11 Oktoba

Yeslam kaleta wapaka chokaa. Nyumba yote nyeupe pe, juu hadi chini, mpaka stoo! Chokaa juu ya ukuta mgonjwa ni kumziba mdomo mtu anayetapika. Majirani wanampongeza. Nyumba ndiyo bibi harusi, wanasema. Nur kapiga vigelegele barabarani.

Nimemvuta Yeslam pembeni. Wewe, unajua unachokifanya? Nilitegemea matusi. Akasema kwa sauti ya chini: najua. Siku tano tu, Muzna. Nimwoze mwanangu, halafu nitakwenda mwenyewe kwa Fundi, nikae mbele yake, nisikie.

Kumbe anajua! Mjinga ningeweza kumfundisha. Huyu anajua, na bado wageni anawaweka juu kabisa. Nimemchukia leo. Kisha jioni nikamwona anaweka kiganja ukutani, chini ya ngazi, kama baba anayepima homa ya mtoto, na chuki ikaniishia.

Jumanne, 14 Oktoba

Mlango wa chumba cha Mama haufungiki. Jana ulifungika.

Shifaa alikuja nimsuke. Nikamwambia yote. Bomba, unga, chokaa, Fundi. Nikamwambia watakuwa wanawake chumba kizima juu, watacheza, watarukaruka. Waandalie kwa jirani, uani, chini.

Akauliza swali moja. Fundi amesema?

Hajasema.

Basi, shangazi.

Nikamwambia hajasema kwa sababu baba yako anamkimbia! Akaanza kulia, huku kichwa nimekishika mimi. Unataka nizeeke humu ndani kama wewe?

Mtoto niliyemlea kwa mikono hii, mama yake alipokuwa mgonjwa hajiwezi! Nilimsuka hadi msuko wa mwisho, nikampaka mafuta, akaondoka hakunibusu mkono.

Mama aliyasikia yote, mlango si haufungiki. Kaniuliza kama wali utatosha.

Jumatano, 15 Oktoba

Nimekwenda kwa Fundi Karama. Kesho alasiri Yeslam hana pa kukimbilia. Ni baba wa bibi harusi, atakuwa mlangoni anapokea wageni. Mama atakuwepo, mimi nitakuwepo. Nimemwalika Fundi kwa kinywa changu. Amekubali, lakini hakufurahi. Kuvunja harusi, akasema, hata mimi sijawahi.

Shifaa hatanisamehe. Watu wa Tarim watarudi na mbuzi wao. Na mimi nitakuwa shangazi mwenye kijicho, aliyeachwa akaona wivu, mji mzima utaimba. Nimelia njia nzima. Nikanunua pini za shungi, kwa sababu niliaga kwamba nakwenda kununua pini.

Alhamisi, 16 Oktoba

Naandikia gotini, chumbani kwa Mama. Mkono nikiuacha bure nitapiga mayowe. Ngoma imeshaanza juu. Kila wakiruka, vumbi linashuka kwenye kitanda.

Fundi alifika baada ya adhana ya alasiri, kanzu safi. Yeslam alikuwa mlangoni na joho lake. Alimpa mkono kwa mazoea tu, na Fundi akaushika, hakuuachia. Alikwisha pitia stoo, bonge lilikuwa mkono wa pili. Nikasema karibu Fundi, Mama yuko juu, twende atasikia hukohuko.

Fundi akazitazama ngazi. Huyu mtu amepanda ngazi za bonde hili lote, na goti lake hilohilo. Akasema: mteremshe. Mimi sipandi.

Yeslam alilisikia hilo. Akakaa chini palepale kizingitini, joho na vumbi, wageni wanaume wanamtazama. Mlete Mama, akaniambia. Mlete upesi, dada yangu.

Nilikimbilia kwanza kwa wanawake. Tokeni! Tokeni, teremkeni polepole! Nur akanijia na sinia la kahawa mkononi. Fundi amesema? Yuko chini, anamngoja Mama. Kwa hiyo hajasema. Basi wageni wangu hawatatolewa na mdomo wako, Muzna, leo si siku yako. Wakacheka. Wengine wakaniombea Mungu anipe mume. Mpiga ngoma hata hakusimama.

Shifaa peke yake hakucheka. Alikuwa kwenye kiti chake, shela usoni. Nilipogeuka nilimwona ameinama, anafungua viatu vya visigino.

Mama nimemkuta juu ya mswala. Mama, twende, Fundi anakungoja chini. Akasema: niswali kwanza.

Nimekaa nyuma yake. Rakaa nne. Sijawahi kuona sijda ndefu namna hii. Nimemwita katikati ya swala, Mungu anisamehe, nimemshika na bega. Ameusukuma mkono wangu bila kukatiza kisomo. Chokaa imepasuka kutoka dirishani hadi konani, na ndani ya ufa udongo unamwagika, kidogokidogo, hauachi. Yeslam anaita chini. Mama! Mama! Sauti yake kama ya mtoto.

Ametoa salamu kulia. Ametoa kushoto. Alhamdulillahi! Nimesimama, nimempa fimbo yake.

Hakuipokea. Ameinuka mwenyewe, ameshika ukuta, ameinua mikono. Allahu akbar. Ameanza sunna.

Baada ya alasiri hakuna sunna. Yeye ndiye aliyenifundisha.