Jiwe Chini ya Mto wa Reem

Mwende wangu, watoto hawajambo? Bahari ya Jeddah hapo nyuma ya kadi isikudanganye. Leo nimekasirika mpaka chai imenishinda.

Nilikwambia kuhusu Reem, binti wa madam anayesoma chuo. Siku hizi haoshi hata nywele kabla ya kuuliza nyota yake kwenye simu. Basi asubuhi madam aliinua mto wa Reem, akakuta jiwe la zambarau limefungwa uzi mwekundu. Na nani hutandika hicho kitanda? Mimi. "Sihiri!" akapiga kelele. Kabla sijafungua mdomo, begi langu lilikuwa limemwagwa sakafuni, hadi chupi, na bosi, mumewe, amesimama mlangoni akitaka kuita polisi. Mwende, huku neno hilo si mchezo, mtu hufungwa.

Ndipo Reem akatoka bafuni. "Mama, ni langu. Nimeliagiza Amerika. Linavuta enaji, nguvu nzuri."

"Ah, enaji!" Madam akashusha pumzi. Halafu, nakwambia, akamuuliza kama kuna la kuondoa maumivu ya kichwa! Mimi niko chini naokota nguo zangu. Pole hakuna. "Yalla, leta chai!"

Sasa mwambie Mama kile kitambaa cha mafuta ya upako asinitumie, hata kama pasta amekiombea kwa machozi. Nakupenda, wapakate watoto kwa niaba yangu. Na Mama aniombee kwa mdomo tu. Maombi ya mdomo hayakutwi kwenye begi.

Dadako, Mumbua