Shati Lililorudi Kavu kutoka Saboti

Kitale

Dada Nanjala,

Nakusalimu hapo Tongaren na hiyo mikono yako yenye udongo. Goti la Mama limepoa? Na Baba, bado anakoromea kila anayepita na pikipiki? Mimi niko mzima kabisa, nimenenepa kidogo, na ungeniona sasa ungesimama wima. Naandika kwa karatasi kwa sababu Baba alisema habari za simu ni upepo. Basi msomee kwa sauti, na ukifika mahali pa kumchoma, usiruke.

Si unakumbuka alisema nisipopata nafasi yangu mwenyewe kwa gereji kabla ya mvua ya kupanda, nirudi nishike jembe? Ni wewe ulinitetea. Sasa sikia.

Mama Wanjiru, mfanyabiashara wa viazi huko Saboti, alinunua injini kubwa ya kuweka kwa pikapu yake. Ile ya zamani ilikuwa inapanda mlima ikilia kama ng'ombe anazaa. Hii ilikuja uchi, bila vifaa vya kuiwasha, tukaachiwa tuchague vile itapata moto. Fundi Kamau, mwenye gereji, akasema tuweke distribyuta. Hiyo, dada, ni kile kikopo chenye nyaya, kinagawia kila plagi moto kwa zamu, kama Mama akigawa nyama. Mimi nikasema tuweke koili: kila plagi na yake kichwani, hakuna kungojea sahani.

"We kijana," Fundi akasema, "distribyuta ikikufa njiani unaifungua na bisibisi. Koili ikikufa utaifungua na maombi?"

"Na mvua ikinyesha, Fundi? Si Mama Wanjiru hukwama kwa mlima kila mara akipangusa kifuniko cha distribyuta yake na leso?"

"Leso zangu zote zinanuka petroli," Mama Wanjiru akasema. "Hata kanisani."

Fundi akanipima na macho. "Haya, weka koili zako. Zikifika Saboti na mzigo, ile pembe ya karibu na geti ni yako. Zikizima, sheria unaijua."

Sheria yetu ni hivi: gari likizima siku ya kujaribiwa, aliyelifunga anavua shati, anapangusia injini nalo, halafu anarudi mjini kwa miguu, tumbo wazi, mafundi wote wakimpigia debe na spana. Mimi ndiye huwa napiga kwa nguvu kuliko wote. Kwa hivyo wenzangu walikuwa wananiombea mabaya, bana.

Nikatoa koili, kompyuta na sensa kwa gari moja dogo la saluni lililogongwa. Sensa ndiyo inasoma vile injini inazunguka, ili koili zijue ni zamu ya nani. Na kwa vile mimi si mtu wa kazi ovyo, nikapiga chumba chote cha injini rangi ya silva. Hapa mteja akifungua boneti asione kung'aa, anadhani ulikuwa umelala. Iling'aa mpaka nikajichanulia nywele hapo.

Siku yenyewe Mama Wanjiru akageuza ufunguo. Injini ikazunguka, ikazunguka, bure. Fundi akavuta debe karibu.

"Anza na kifungo cha juu," akaniambia.

Dada, nilisikia jembe la Baba likiniita kwa jina. Nikafuata kila waya na kidole mpaka ule wa kurudisha umeme wa koili kwa bodi ya gari. Kumbe nilikuwa nimeukaza juu ya rangi yangu tamu! Umeme haupiti kwa rangi. Nikakwangua na kisu mpaka chuma kikatokea, nikakaza tena.

"Washa, Mama."

Ikanguruma mpaka debe likatetemeka.

"Bado mlima," Fundi akasema, akapanda na sisi.

Tulikuwa na magunia ya mbolea nyuma. Tukaanza kupanda, na mvua ya Elgon ikamwagika, ile haibishi hodi. Tulipofika pale pa kukwama, Mama Wanjiru akashika leso. Fundi akaangalia vifungo vyangu. Koili hata hazikukohoa! Tukapita trekta, tukakuta saluni kuukuu imekufa, mwenyewe ameinama kwa injini, mgongo wazi, akipangusa distribyuta na shati. Nilimwona Baba kabisa, zile siku saluni yake ilikuwa ikizima njiani tukienda Webuye.

"Simama," Fundi akasema. Akashuka na bisibisi yake kwa ile mvua, akafungua, akakausha, akafunga. Saluni ikawaka. Akarudi akitiririka maji.

"Umeona? Bisibisi."

"Nimeona, Fundi. Lakini kati yetu ni nani ameloa?"

Mama Wanjiru alicheka mpaka karibu atuingize kwa mtaro. Tukafika Saboti bila kuzima. Fundi akafungua boneti, akaifunga pole pole. "Kesho hamisha spana zako upeleke kwa geti."

Kwa hivyo jembe likae hapo hapo. Asante kwa kunitetea, dada. Nisalimie Mama, na Nyanya anayeniombea, na shemeji aliyesema nitarudi nikilia: mwambie nimekosa wakati.

Baba naye mwambie awafukuze kuku kwa ile saluni yake, nakuja kuifufua. Asiogope koili. Nilifikiria sana nikaona yake ibaki na distribyuta, kwa sababu hiyo anaijua hata gizani, na sitaki angoje mtu, hata mimi. Namletea tu kifuniko kipya kisichoingiza maji. Mashati yake yapumzike.

Ni mimi mdogo wako,
Simiyu, fundi wa pembe ya geti