Ukungu kwenye Picha ya Bibi

Busi, Kondoa
3 Machi 2024

Baba mdogo Bartolomayo,

Shikamoo. Kabla sijakuuliza hata habari za afya, naomba niseme jambo ambalo sijamwambia mtu yeyote tangu litokee: lenzi ya kamera niliiharibu mimi.

Sasa naweza kukusalimu. U mzima? Kifua kimetulia na upepo wa bwawani huko Mtera? Mimi sijambo, niko kidato cha nne. Bibi anaendelea, ila miguu imevimba. Hapa shuleni simu haziruhusiwi, na najua hupokei namba yoyote ya nyumbani, kwa hiyo barua hii nampa Kefa, yule anayeleta samaki wakavu, perege wa Mtera, kwenye mnada wa huku.

Ilikuwa Desemba 2022, siku moja kabla ya harusi ya dada Angelina. Wewe na Baba mlikwenda kanisani kuangalia mahali pa kusimama kupiga picha, mkaniachia kamera niifute. Mvua ilikuwa haijaanza, nyumbani Zuzu kote vumbi. Nikaifuta kwa pindo la kanga. Nilipoisogeza dirishani nikaona mkwaruzo kwenye kioo, mwembamba kama unywele. Nikajua ni ile kanga.

Nilikuwa nimesoma kwenye gazeti moja la zamani kwamba dawa ya meno huondoa mikwaruzo kwenye kioo cha saa. Nikaweka tone kidoleni, nikasugua. Mkwaruzo haukutoka. Nikaongeza, nikasugua mpaka ule mng'ao wa zambarau wa lenzi ukaisha kabisa. Nikaifuta, nikarudisha kifuniko.

Picha zote za harusi zilitoka kama zimepigwa kupitia chandarua. Baba alizimwaga mezani mbele ya wakwe. Maneno yake nayakumbuka:

"Kamera unaipeleka Mtera kupiga picha mashua, mchanga umekula lenzi. Tazama sasa! Harusi ya mtoto wa dada yetu!"

Wewe ukasema, "Kaka, mchanga gani huo unaotia ukungu?"

Akanigeukia. "Restuta, wewe uliifuta. Uliona kitu?"

Nilikuwa nimeshika sinia la chai. Nikasema, "Sikuona."

Jioni ile ile ukaondoka na begi moja. Niambie nifanye nini, Baba mdogo. Lolote utakalosema nitalifanya.

Mwanao,
Restuta

*

Mtera
30 Machi 2024

Mwanangu Restuta,

Marahaba. Mimi mzima, kifua kinakwenda. Kazi yangu sasa ni kupima samaki wanaposhushwa mashuani. Nanuka kuliko Kefa, na Kefa unamjua.

Barua yako nimeisoma mara tatu. Ya tatu nikacheka, lakini si kicheko kizuri. Mwanangu, mkwaruzo ule haukuwa wako. Niliutia mimi, Juni ya mwaka ule, hapa hapa Mtera, na nilimwonyesha baba yako siku niliyorudi. Tukapiga picha za ubarikio mmoja wa kanisani na harusi mbili, hakuna aliyeuona. Mkwaruzo mdogo mbele ya lenzi hauonekani kwenye picha. Ungeuacha, kesho yake Angelina angetoka anang'aa.

Miezi kumi na mitano nimejiuliza ule ukungu ulitoka wapi. Kuna siku nilifikia kudhani kaka yangu aliutia mwenyewe, anitoe kwenye kazi. Nilimchukia kwa hilo. Sasa naona nilimchukia bure.

Sina hasira nawe. Ulikuwa mtoto umeshika sinia. Ila umeniuliza ufanye nini, nami nakujibu: mwambie baba yako, kwa mdomo wako, ana kwa ana. Nikimwambia mimi itaonekana najitetea kwa kumsingizia mtoto. Aliniambia toka kwangu, na siwezi kukanyaga ua ule mpaka yeye aseme rudi. Mama yangu yuko ndani ya ua ule.

Hilo moja tu. Mengine ya kwangu.

Baba yako mdogo,
Bartolomayo

*

Zuzu
24 Juni 2024

Baba mdogo,

Shikamoo. Natumaini u mzima, na samaki wanapatikana. Sisi wazima isipokuwa Bibi, ambaye sasa hatoki nje bila kushikwa mkono.

Niko likizo tangu mwanzo wa mwezi. Nilikuja na maneno nimeyaandika kwenye karatasi ili nisikwame. Siku ya kwanza Baba alikuwa na wageni. Akaniita, "Msomi wangu, njoo uwasalimie." Kisha akawaambia, "Huyu mnayemwona, hajawahi kunidanganya hata siku moja." Mmoja akamtania, "Basi huyo si wako, Ernest." Wakacheka wote. Karatasi ilikuwa mfukoni mwangu.

Siku ya pili nilimkuta kwenye zabibu anakata matawi. Nikasimama karibu. Akaniuliza, "Unataka kitu?" Nikasema nataka maji ya kufulia.

Kuna jambo jingine lazima ulijue. Jumapili Baba alitoa kamera mpya ampige Bibi picha. Bibi akajifunika uso kwa kanga.

"Mama, nikupige moja tu, ya kumbukumbu."

"Atanipiga Bartolomayo."

"Bartolomayo hayupo."

"Basi na mimi sipo."

Baba akairudisha kamera ndani. Kwa hiyo picha ya Bibi ni moja tu, ile ya harusini, amekaa pembeni ya dada Angelina kwenye ukungu.

Nakuahidi Desemba nitasema. Mtihani wa taifa utakuwa umekwisha na kichwa changu kitakuwa kimetulia.

Mwanao,
Restuta

*

Mtera
9 Julai 2024

Restuta,

Marahaba. Mimi mzima.

Umeniandikia ukurasa mzima kunieleza jinsi ulivyonyamaza. Kunyamaza kwako nakujua, nilikuwepo.

Mama yangu hana Desemba nyingi za kukusubiri. Usiniandikie tena mpaka uwe umesema.

Bartolomayo

*

Busi
5 Septemba 2024

Baba mdogo,

Shikamoo. Sikuulizi kama u mzima kwa sababu nilikuona. Umekonda.

Ulikuja kumzika Bibi ukasimama nje ya ua pamoja na watu wa njiani. Shangazi Ruthu alikuletea maji ukayakataa. Mimi ndiye mjukuu niliyepewa kubeba picha mbele ya jeneza. Baba alikuwa ameikata ile ya harusini, akaikuza, akaitia fremu. Ilipokuwa ndogo, angalau ushungi wake ulionekana. Ilipokuzwa haikuonekana hata pua. Mama mmoja nyuma yangu aliuliza, "Huyu ndiye marehemu? Mbona kama moshi?" Nilipofika uliposimama, uliitazama picha, mimi hukunitazama. Kaburini ulitia udongo mara tatu ukaondoka.

Siku ya tatu ukoo ulikaa kumaliza matanga. Babu Gerson, kaka yake Bibi, akasema kama inavyosemwa, mwenye neno alitoe, mtu asiondoke na kitu tumboni. Nikasimama. Nikasema yote: kanga, dawa ya meno, sinia, na lile neno langu moja.

Shangazi Ruthu akasema, "Yesu wangu!"

Baba hakuinua kichwa. Akasema, "Kaa chini, mama. Nilijua."

Nikauliza, "Tangu lini?"

"Tangu siku zile zile. Nilipoziona picha nikafungua kifuniko, kamera ikanuka dawa ya meno."

Babu Gerson akamgeukia. "Ernest. Ulijua, ukamfukuza mdogo wako?"

"Ningemtaja mtoto mbele ya wakwe, Mjomba? Bartolomayo ni mtu mzima. Nilijua atanuna wiki mbili, atarudi, nitamwambia pembeni."

"Hakurudi."

"Hakurudi."

"Kwa nini hukumfuata?"

Baba akasema, "Niliona haya. Na kila mwezi uliopita haya ilizidi."

Walikupigia simu pale pale, kwa simu tatu tofauti. Hukupatikana.

Kwa hiyo nimesema, Baba mdogo, kama ulivyotaka. Nimesema siku tatu baada ya aliyekuwa anakusubiri kuzikwa. Wewe ulidhani kaka yako hajui. Mimi nilidhani nikimwambia atakuita. Alikuwa anajua muda wote.

Kabla sijarudi shuleni nilimpa Baba karatasi hii na kalamu, aandike mstari mmoja chini, juu nitaandika mimi. Aliishika kalamu mpaka chai yake ikapoa. Halafu akaiweka, akaenda kuangalia mbuzi. Nafasi hiyo chini nimeiacha wazi, ni yake.

Mwanao,
Restuta

.

.

14 Septemba. Naongeza nyuma ya karatasi. Kefa amekuja mnadani leo. Anasema uliondoka Mtera wiki ile ile ya mazishi na hukumwambia mtu unakokwenda. Nimeandika jina lako juu ya bahasha, mahali pengine pote nimepaacha wazi, nikampa hivyo hivyo. Ameitia kwenye mfuko wa shati. Nilimsaidia kufunika samaki kwa gunia, nikanawa mikono, nikarudi shuleni.